Nilimwambia jirani yangu atie sahihi



Mwezi wa tatu uliopita, siku chache kabla ya sherehe ya tarehe 8, mama prezidanti wa kikundi chetu aliniomba nitayarishe maneno juu ya nafasi ya mwanamke. Haikuwa mara ya kwanza. Mimi ni mwalimu, nina diploma ya ISP, na kwa wamama wengi mtu aliyetoka ISP hawezi kukosa la kusema. Basi nikaenda kutafuta daftari langu la zamani, lile la jalada la buluu ninamoandika mafundisho ya kuwapa mabibi-arusi. Nilitaka kunakili tu, kwa sababu wiki ile nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Hotuba ya mwaka 2014 ilikuwa bado safi: mwandiko wangu wa ubaoni, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu.

Nikasoma nilichoandika: "Mwanamke mwenye akili hashindani na bwana yake. Wanaolilia parite ni wale waliokosa ndoa. Bwana akileta mgeni, pika. Akileta hasira, nyamaza. Akileta karatasi, tia sahihi."

Nilikumbuka makofi ya siku ile. Mama mmoja alinyanyuka akanifunga kitenge mabegani. Nilimkumbuka pia mama aliyekaa mstari wa pili, karibu na dirisha, akiitikia kwa kichwa kila sentensi. Alikuwa jirani yangu.

Sikunakili kitu. Siku ya sherehe nilisema nina mafua, mama mwingine akazungumza. Yale ambayo ningepaswa kuyasema siku ile nayaandika leo, na ninaomba mnivumilie kwa sababu ni marefu kidogo.

Nitamwita jirani tu. Amenikubalia nisimulie habari yake, lakini jina hapana. Tulikaa avenue moja. Yeye aliuza unga na makala mlangoni, bwana yake alikuwa ananunua mawe kwa wachimbaji na kuyapeleka kwa wenye pesa. Walikuwa na parseli yao, wameinunua kidogo kidogo, na zamu tatu za likelemba ya mama ziliingia humo. Karatasi za parseli zilikuwa na jina la bwana peke yake. Nani kati yetu angeuliza kwa nini?

Mnakumbuka mambo yalivyokuwa tangu 2014, pale kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za watu huko Kasulo. Mji wote ulianza kuangalia sakafu yake kwa jicho lingine. Mtu akichimba choo, majirani wanakuja kutazama rangi ya udongo. Mwaka 2018 mnunuzi mmoja alikuja kwenye avenue yetu na dolari mkononi. Bwana wa jirani alikubali siku hiyohiyo. Lakini yule mnunuzi alikuwa mtu wa kuogopa matata ya mbele, akasema hatoi hata franka moja kabla bibi naye hajatia sahihi.

Alikuja kwangu usiku, karatasi imekunjwa ndani ya kitenge. Aliniuliza: "Madamu, nifanye namna gani?" Nilikuwa nasahihisha madaftari. Wamama, sikuweka hata kalamu nyekundu chini. Nilimwambia bwana ndiye kichwa cha nyumba, na kwamba akikataa atavunja ndoa kwa ajili ya udongo. Alikaa kidogo, akaniaga, akaenda. Kesho yake alitia sahihi.

Bwana alisema anakwenda Kasumbalesa kutafuta lori la kununua. Simu yake iliita mwezi mmoja, halafu ikawa haiiti tena. Jirani na watoto watano wakahamia chumba kimoja cha kupanga, upande ule maji yanakopita wakati wa mvua. Hajawahi kunilaumu hata neno moja. Alipokuja kuniomba nimsemee kwa mkuu wa masomo juu ya madeni ya mtoto wake wa sekondari, alinisalimu "Madamu" kama siku zote, na akaniletea mahindi mabichi matatu. Yale mahindi sikuweza kuyala.

Sheria ilikuwa imempa yule mama mahali pa kuweka mkono wake, au kuuzuia. Mnunuzi alilijua hilo. Mwalimu mwenye diploma hakulijua, naye ndiye aliyeombwa shauri.

Nimejiuliza mara nyingi nilipata wapi yale maneno ya daftari. Sikuyapata ISP. Niliyapata kwa mama yangu, na najua wengi wenu mliyapata hukohuko.

Nilikua ndani ya kambi. Mwaka 2003, wakati wa mpango ule wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipokea pesa ya mwisho na kuacha kazi. Baba alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Baba alinunua basi dogo la mtumba, na injini yake ikafa kabla ya mwaka kwisha. Mama hakuulizwa lolote juu ya basi. Kiasi cha pesa chenyewe alikisikia kwa mke wa jirani, kwenye bomba la maji.

Tangu hapo mama ndiye aliyetulisha. Alilima mahindi na mihogo mbali, anatoka nyota zikiwa bado juu. Asubuhi nyingine alikaanga vitumbula, jioni aliuza sombe iliyotwangwa. Na kila mwanzo wa mwezi wa tisa alifanya kitu ambacho nilikiona kwa sababu nililala karibu na mlango: usiku alimpa baba pesa za masomo yetu, zimefungwa ndani ya kitambaa. Asubuhi baba alituita mbele yake, akafungua kitambaa, akatuhesabia. Mama alisimama pembeni akasema, "Mushukuru baba yenu, amelipa masomo."

Nilidhani hilo ndilo jambo zuri kuliko yote mwanamke anaweza kufanya. Hata leo siwezi kulidharau. Baba alikuwa mtu aliyevunjika, na mama alimfunika aibu yake mbele ya watoto. Kuna upendo mle. Lakini mimi mtoto nilichukua somo lingine: kwamba kazi ni ya mwanamke na jina ni la mwanamume, na kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu nkambo wa nkambo zetu.

Hapo ndipo nilikosea zaidi. Nilikuwa naita mila kitu ambacho si cha zamani.

Nkambo yangu, mama ya mama, alizaliwa kijijini upande wa Lubudi. Alikuwa akituambia kwamba kijijini kwao alikuwa na ghala lake la mahindi, na bwana yake hakuweza kulifungua bila kumwomba. Tulicheka. Kwetu kambini hakukuwa na ghala, kulikuwa na duka. Nilipoanza kufundisha historia darasa la sita ndipo nilipotafuta kuelewa kicheko chetu kilitoka wapi.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao, kwa miezi michache, wanarudi kwao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 iliona ni faida zaidi mfanyakazi akikaa na bibi na watoto. Mtu mwenye familia hakimbii, na watoto wake watakuwa wafanyakazi kesho. Ikajenga kambi, hospitali, masomo. Wavulana walifundishwa ufundi. Wamama na wasichana walipelekwa foye, wafundishwe kushona, kupiga pasi, kuogesha mtoto, kupanga meza. Mshahara ukaandikwa kwa jina la bwana. Chakula kikapimwa kwa kuhesabu bibi na watoto alionao, kinagawiwa mwisho wa wiki. Ndiyo maana mpaka leo, hata sisi tusiopokea kitu kwa mtu, siku inayotangulia siku ya Mungu tunaiita siku ya posho.

Sisemi foye ilikuwa mbaya. Nguo yangu ya kwanza ya masomo ilishonwa na mama kwa ujuzi alioupata foye, na mshono haukuachia hata mara moja. Ninachosema ni kwamba mwanamke yule wa kukaa, kusubiri na kushukuru, ambaye nilimhubiri kwa mstari mwekundu kana kwamba ametoka kwa wazee, alitoka kwenye kitabu cha kampuni. Hajafikisha hata miaka mia. Na kampuni ilipokosa pesa, mwanamke huyo alikwenda shambani usiku bila mtu kumwuliza kama nafasi yake imebadilika.

Na kama ni mila tunataka, jimbo letu la Lualaba lina Musumba, huko Kapanga, kwenye makao ya Mwant Yav. Wazee wa Kilunda wanasimulia kwamba ufalme ulikuwa mkononi mwa mwanamke, Ruweji, naye ndiye aliyempa bwana yake Chibinda Ilunga lile bangili la utawala, lukano. Kaka zake walikasirika wakahama. Na mpaka leo kuna Lukonkeshia, mwanamke mwenye cheo chake katika baraza ile. Siku nilipowasimulia watoto habari hii, mvulana mmoja aliinua mkono akauliza kama Ruweji alikuwa anachota maji. Darasa zima lilicheka. Nikamjibu kwamba sijui, na kwamba swali ni zuri.

Sasa mtasema: Madamu, kwa hiyo yaliyompata jirani ndiyo yalikufungua macho. Hapana, na hilo linanitia aibu. Macho yangu yangepaswa kufunguka miaka mitatu mapema.

Mwaka 2015 tulikuwa tunajenga. Kuta za matofali mabichi zilikuwa zimefika juu, zimebaki kufunikwa mabati kabla ya mvua. Mshahara wangu ulikuwa unapitia banki, nikaenda kuomba mkopo mdogo. Mfanyakazi wa dirishani, kijana ambaye ningeweza kumfundisha, aliniomba barua ya ruhusa ya bwana. Bwana yangu ni dereva wa magari makubwa, alikuwa safarini, simu haishiki. Nilisubiri wiki mbili na nusu. Mvua ya mwezi wa kumi ilikuja kwanza, ukuta wa nyuma ukalala chini. Bwana aliporudi alitia sahihi huku akicheka, akauliza, "Mshahara ni wako, ruhusa ya nini?" Yeye ndiye aliyeshangaa! Mimi niliona sawa tu. Mtu anaweza kukanyagwa mguu, halafu yeye mwenyewe aombe samahani.

Yule kijana wa dirishani alikuwa anafuata sheria. Kode ya familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 ilisema bibi anamtii bwana, na katika kifungu cha 448 ilitaka bibi apate ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga kwa mkataba. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Kifungu kilekile cha 448 sasa kinasema bibi na bwana wapatane kwa mikataba inayowafunga, akiwa mmoja au wote wawili. Bwana naye anahitaji kupatana na bibi yake, si bibi peke yake. Umri wa kuoa na kuolewa umekuwa miaka 18 kwa wote. Mwaka 1987 msichana aliruhusiwa akiwa na 15. Wengine husema sheria mpya imemfukuza bwana katika nyumba. Si kweli. Imemwacha aitwe kichwa cha nyumba, na wamama wa sheria bado wanalilalamikia hilo. Mimi hapo sigombani sana. Aitwe kichwa, mradi kalamu iwe mbili.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wetu tulilipita bila kuliona. Siku ya ndoa ofisini, mwandishi wa komine anawauliza namna ya kutunza mali, na kuna namna tatu. Ya kwanza, kila mmoja na vyake. Ya pili, vile mnavyovipata ndani ya ndoa ni vya wote wawili, na vya kabla vinabaki vya mwenyewe. Ya tatu, vyote vya pamoja, vya kabla na vya baadaye. Msipochagua, mnahesabiwa katika ile ya pili. Mimi niliulizwa mwaka 2013, nikamwangalia bwana yangu, naye akamwangalia baba yake, na baba yake akajibu. Sijui hata alijibu nini. Ilibidi nikaangalie kitabu cha ndoa miaka mingi baadaye. Na wale wenye ndoa ya kifamilia tu, mali ya arusi imetolewa na wazee wamekaa: ndoa yenu ni ndoa, lakini nendeni mkaiandikishe. Siku ya msiba au ya kuuza parseli, ndoa isiyoandikwa inakuwa kazi ngumu kuithibitisha mbele ya watu wa nje.

Baada ya jirani kuhamia kile chumba, nilianza kusoma mambo haya usiku. Lakini kusoma si kubadilika. Kubadilika kwenyewe kulikuja kwa njia ya chini, kwa mambo madogo mawili.

La kwanza lilikuwa mama mmoja anayesafisha mawe. Binti yake, mwanafunzi wangu, alikuwa anakosa masomo siku tatu kwa wiki. Msingi umekuwa bure tangu 2019, kwa hiyo sababu ya ada haikuwepo. Nilikwenda mwenyewe mpaka mtoni, na viatu vya darasa, nikiwa nimejiandalia hotuba juu ya haki za mtoto. Nilimkuta amesimama ndani ya maji mpaka magotini, ungo mkononi, mtoto mdogo mgongoni, na binti akimsogezea mafuko. Nilisema yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akanijibu:

"Madamu, mu shimo habatuache tuingie. Banasema mwanamuke akiingia, mawe inakimbia. Lakini mawe ikitoka na matope, njo banatuita."

Nikamwuliza pesa je.

"Franka inapitia kwa bwana. Mi napata ya bunga. Mutoto akikuya, tunasafisha mafuko mbili zaidi."

Sikuwa na jibu katika daftari. Kwa miaka nilikuwa nafundisha kwamba nafasi ya mwanamke ni nyumbani, na mbele yangu alisimama mwanamke ambaye hana ruhusa ya kuingia shimoni, hana nafasi ya kukaa nyumbani, na pesa ya mikono yake inahesabiwa na mtu mwingine. Tulikaa kwenye jiwe tukazungumza. Baadaye wamama wenzake walimwingiza katika likelemba yao, na kwa zamu yake ya kwanza alinunua gunia la makala la kuuza. Bado anasafisha mawe. Binti anakuja darasani siku nne, siku nyingine tano. Mwaka huu atafanya mtihani wa kumaliza msingi.

La pili lilikuwa nyumbani kwangu. Kwa wiki mbili niliandika kwenye daftari la mahudhurio nani amechelewa na kwa nini. Karibu wote walikuwa wasichana. Maji. Vyombo. Kumbeba mdogo. Niliandaa mkutano wa wazazi, nikawa mkali. Wiki hiyohiyo mwalimu mwenzangu, kijana anayefundisha darasa la nne, aliniita pembeni kwa heshima akaniambia, "Madamu, mtoto wako anasinzia somo la kwanza." Binti yangu ana miaka kumi. Saa kumi na moja asubuhi alikuwa anachota maji safari mbili, anafagia uwanja, anaosha sufuria za usiku. Kaka yake wa miaka kumi na miwili alikuwa analala mpaka saa kumi na mbili na nusu, ananikuta nimempigia pasi shati.

Nani aliweka sheria hiyo? Bwana yangu huwa ameondoka saa kumi. Mama mkwe anaishi mbali. Niliiweka mimi, bila kuandikwa popote, kama mama yangu alivyoniwekea mimi.

Sasa kijana anachota maji. Mwanzo haukuwa mzuri. Wenzake walimcheka pale bombani wakamwita mama fulani, akarudi na bidoni tupu na machozi. Mama mkwe alipokuja kututembelea akamwona na kindoo kichwani, alilia kabisa, akasema ninamharibu mjukuu wake. Bwana yangu hakusema kitu siku tatu. Siku ya nne alirudi na bidoni la pili la manjano, akaliweka mlangoni, akaenda kuoga. Hakulizungumzia tena, nami sikumwuliza.

Walimu wenzangu wananitania: basi Madamu umekuwa feministi? Neno lenyewe bado linanikwama kooni. Nililisikia kwanza kwa watu wanaokuja na magari marefu, wanatugawia fulana na soda, wanapiga picha, wanaondoka. Na sipendi parite inayohesabu viti peke yake. Nafurahi, sisemi hapana: mwaka 1960 mama zetu hawakupiga kura hata mmoja, walianza 1967. Sophie Kanza aliingia serikalini mwaka 1966 akiwa mwanamke wa kwanza. Katiba ya 2006 iliandika parite katika kifungu cha 14. Mwaka 2024 Judith Suminwa akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu, na sisi Lualaba tunaongozwa na Fifi Masuka. Wasichana wa darasa langu wanayajua majina hayo kuliko wanavyojua mito. Lakini mama yule wa mtoni bado yumo ndani ya maji, na kiti cha juu hakijagusa bei ya fuko lake.

Tena kuna mambo ambayo sijayaacha na sitayaacha. Nikimpa baba mkwe maji, nainamisha goti. Bwana yangu bado anapewa nyama ya kwanza kwenye bukari, na alipoisoma makala hii kabla sijaileta kwenu, alilalamikia sehemu hiyo tu: "Umeandika ninakula nyama, hukuandika nani ananunua." Anayenunua ni sisi wawili, naandika hapa ili aridhike. Heshima haijawahi kuninyima kitu. Kilichomnyima jirani yangu parseli kilikuwa sahihi aliyoitoa bila kufikiri, kwa sababu mimi nilimwambia kufikiri ni dhambi ya mwanamke.

Mwaka jana nilikwenda kwake. Nilimwambia yote: kalamu nyekundu, daftari, sheria. Nilimwambia angeweza kukataa. Alikuwa anachambua mahindi, mikono haikusimama. Baada ya muda alisema alijua. Alijua tangu usiku ule kwamba hataki kutia sahihi, na alikuja kwangu kutafuta mtu mmoja wa kumwambia anaweza.

Nimekaa na maneno hayo mwaka mzima.

Basi wamama, siku ya posho ijayo, saa tisa mchana, tutakutana katika darasa langu baada ya usafi. Nitaleta kode ya familia, tutaisoma kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, na nitaomba mwanasheria mmoja mama anayefahamiana na kikundi aje kutusaidia pale nitakapokwama. Kila mmoja alete kitabu cha ndoa kama anacho, na karatasi za parseli, au picha yake kwenye simu. Tutaangalia jina gani limeandikwa. Wenye mabinti wanaojiandaa kuolewa waje nao, na wenye wavulana pia. Wababa wanaotaka kusikiliza wasikataliwe mlangoni.

Jirani yangu amesema atakuja. Amesema atakaa nyuma, na kwamba nisimwite mbele.